Hakuna Aliyekuja Kupokea Mashine

Tulipomzika Naserian kule Nduruma, sisi watu wa kiwanda cha nguo tulijikuta tumekaa upande mmoja wa turubai bila mtu yeyote kutupanga. Niliwahesabu wenzangu, nikarudia kuwahesabu kwa sababu jibu la kwanza sikulipenda, na la pili likatoka lilelile. Mchungaji alikuwa anahubiri kwa kipaza sauti kinachokoroma, na katikati ya mahubiri nikamwona Elisaria, fundi wetu wa mashine wa zamani, ambaye siku hizi ana kofia nzuri kuliko meno, amegeuka kutoka mstari wa mbele ananisemesha kwa midomo bila kutoa sauti. "Chakula kipo?" Nikamjibu vilevile, midomo tu, "Kipo. Nimeshapita jikoni." Binti aliyekaa jirani yangu akanikazia macho, nadhani aliona mzee mzima anatafuna bazoka msibani. Ningemweleza vipi? Katika ukumbi wa kufuma, mashine zote zikiwa zinapiga kwa pamoja, ungeweza kumwita mwenzako kwa tarumbeta na asigeuke. Kwa hiyo tulijifunza kusomana midomo, wote, ndani ya miezi michache ya kwanza ya kazi. Kiwanda kimekufa, kelele imekufa, wengi wetu wamekufa, na tuliobaki bado tunaongea kama kelele ipo. Naserian ndiye aliyekuwa bingwa wa lugha hiyo. Na katika maisha yake yote sidhani kama kuna kitu kilichomgharimu kuliko hiyo lugha, ukiiweka pamoja na sheria moja ambayo nitaieleza sasa hivi, maana bila hiyo sheria mwaka ninaotaka kuusimulia hauelezeki.

Sheria yenyewe ni hii: mashine ya kufuma haiachwi. Saa yako ya kutoka ikifika, husimami ukaenda. Unasubiri mtu wa shifti inayofuata aje, aweke kiganja chake juu ya fremu, aseme "Nimepokea," ndipo na wewe unaondoa chako. Umeme ukikatika ndiyo usibanduke kabisa, kwa sababu ukirudi ghafla na mashine haina mtu, inakata nyuzi zote kwa pigo moja, au inakitupa kile kibao cha mti chenye ncha za chuma kinachopitisha uzi, na kibao hicho kilishamtoa jicho mama mmoja tuliyekuwa tunakula naye. Hatukuhitaji kusoma sheria hiyo ukutani. Tulikuwa tunakula na jicho lililobaki. Sasa siku kiwanda kilipofungwa, miaka ile ya soko huria, wakati kila mwezi tulikuwa tunasikia kingine kimefungwa, shifti yetu ilikuwa ndani na shifti ya kutupokea ilikuwa imezuiwa getini na askari. Saa tisa alasiri ikafika, hakuna aliyeingia. Umeme ukazimwa kwenye swichi kubwa, ukumbi ukanyamaza, na tukasimama pale kila mtu na mashine yake, viganja juu ya chuma, tunaulizana kwa midomo ingawa sasa tungeweza kunong'ona na kusikika. Meneja akaja akatutangazia. Mmoja mmoja tukaondoka. Naserian alitolewa wa mwisho na askari mwanamke aliyekuwa anamwambia taratibu, "Twende mama, twende, imekwisha," na yeye anamjibu, "Sijapokewa."

Mwaka ninaotaka kuuzungumzia ni ule uliofuata. Chuo kikuu kimoja kilileta mjini kwetu Arusha programu ya kuwafundisha upya wafanyakazi waliopunguzwa kazini, mambo ya kompyuta na mitambo inayoongozwa na kompyuta, wafadhili wakitoka nje. Wakapanga majengo ya chuo kidogo kule Engutoto. Maneno yaliyotembea mjini, na ambayo mratibu wa programu alikuwa hayakanushi, ni kwamba kiwanda chetu kimepata mwekezaji, mwekezaji analeta mashine za kufuma za kisasa zenye kompyuta tumboni, na wenye cheti cha programu ndio watakaochukuliwa kwanza. Mimi nilikwenda kwa sababu nilikuwa na nafasi, na kwa sababu nilitaka kujua kinachouzwa pale ni nini. Naserian alikwenda kwa sababu kulikuwa na mashine alikuwa hajaikabidhi kwa mtu. Shida ni kwamba sharti lilikuwa kidato cha nne na yeye aliishia darasa la saba. Nikaingia naye ofisini kwa mratibu, bwana mmoja mwenye suti ya rangi ya ugoro na kalamu mbili mfukoni. "Huyu mama amesoma mpaka wapi?" akauliza. "Mpaka shule ilipoishia," nikasema. Hakucheka. Akasema sharti ni sharti. Nikamwambia sawa kabisa, mzee, ila pale kwenye benchi nje nimehesabu watu wako, nikahesabu mara mbili, mwanamke hakuna hata wa dawa. "Wafadhili wakija na kamera utawaonyesha nini, ndevu zetu?" Akamtazama Naserian, shuka lake begani, shanga zake shingoni, akawa kama anapima picha itakavyotokea. Alipata nafasi. Katika maisha yangu nimepatana bei za vitu vingi, kuanzia ng'ombe mpaka kiwanja, na huo mpaka leo nauhesabu kuwa ushindi niliopaswa kuukosa.

Chumba cha kompyuta kilikuwa zamani bwalo la chakula, na ukiinama karibu na ukuta bado ulisikia harufu ya maharage. Madirisha yalizibwa kwa mapazia mazito ya kahawia, eti jua linaua kompyuta, kwa hiyo mlima Meru uliokuwa pale nje mzima mzima hatukuuona isipokuwa pale upepo ulipoinua pazia. Mlangoni ulivua viatu. Hilo nalo lilikuwa sharti, vumbi lisiingie kwenye mashine, na ndipo tulipojuana kwa undani, maana soksi za mtu aliyepunguzwa kazi zinasema ukweli wote ambao mdomo umeficha. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Kichaga aitwaye Godlisten, mwembamba, mwenye adabu, ambaye wengi wetu tungeweza kumzaa. Kila asubuhi alisimama mbele akasema, "Shikamooni," sisi tukaitikia kwa pamoja, "Marahaba, mwalimu," kisha akaanza kutufokea. Elisaria alikuwa anasema hajawahi kufokewa kwa heshima kiasi kile. Kompyuta zilikuwa chache, zinafunikwa nailoni kama makochi ya bibi harusi, na kabla ya zamu yetu zilikuwa zinatumiwa na vijana wa kozi ya kawaida. Siku ya kwanza Naserian alikwenda kusimama nyuma ya kijana mmoja aliyekuwa anamaliza, akaweka kiganja juu ya kompyuta, akasema, "Nimepokea." Kijana akageuka. "Chukua tu, mama," akasema, "kwani ni yangu?" Akaondoka anacheka. Naserian alibaki ameduwaa. Aliniambia kwa midomo, "Umesikia huyo? Anaiacha hivihivi." Na tangu siku hiyo, kila jioni tulipomaliza, yeye hakutoka mpaka Godlisten aje aweke mkono juu ya mashine aseme amepokea. Kijana wa watu alifanya hivyo mwaka mzima, kwanza kwa kucheka, baadaye kwa mazoea.

Nisiongope kwamba alikuwa hodari. Alibonyeza herufi kwa kidole kimoja kama mtu anayekagua parachichi, na ile panya ya kompyuta alikuwa anaikamata kwa mikono miwili isimtoroke. Mimi mwenyewe niliyekuwa na kidato cha nne nilijifunza kuhifadhi kazi kwenye disketi, kuifungua disketi, kukuta haina kitu, na kuanza upya. Lakini nikiutazama sasa mwaka ule, naona kwamba ndio tuliokaa vizuri kuliko miaka yote iliyofuata. Saa saba mchana tulitoka nje tukakaa kwenye majani chini ya ukuta. Naserian alikuwa anakuja na loshoro kwenye kidumu, lile pure la mahindi na maziwa mgando, analigawa kwenye vifuniko kwa sababu sahani hazikutosha, na Elisaria, ambaye ni Mlutheri wa Machame na hapendi kuonekana anakula vitu vya Waarusha, alikuwa anasema, "Mimi nionje tu," kisha anaonja mpaka mara ya tatu. "Wewe mzee, huko kwenu kuonja ndiko kushiba?" Naserian akamuuliza. "Dada yangu, kwetu tunaonja mpaka tujue." Habari kubwa ilikuwa moja tu, mashine mpya. Zitakuwa na upana gani? Zitatoa kelele? Elisaria alisema hazitoi kelele hata kidogo, amesikia. Naserian akasema, "Sasa tutakuwa tunaongea vipi?" Tulicheka sana siku ile.

Habari nyingine niliipata Kilombero sokoni, kwenye banda la chai, nimewapa mgongo wanaume wawili waliokuwa wanapatana. Kazi yangu ya udalali ni masikio, kwa hiyo sikugeuka. Mmoja alikuwa mnunuzi wa chuma chakavu. Walikuwa wanabishana kama chuma kile kipimwe kikiwa na mabati yake au bila mabati, na yule muuzaji akasema, "Si unajua zile ni za kufumia, chuma chake ni kizito, siyo makopo yale." Chai yangu ikapoa nikiwa nayo mkononi. Niliondoka hapo mpaka kiwandani. Getini hawakuniruhusu, lakini uzio niliujua ulipolegea, na kwa pale niliona madirisha ya ukumbi wa kufuma yanamulika mwanga wa buluu unaocheza, nikasikia ule mfoko wa gesi, na kila baada ya muda kitu kizito kinaanguka sakafuni. Nilisimama nikahesabu maanguko. Nikaacha.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, nikaenda kwa Naserian Sombetini. Alikuwa amepanga chumba kimoja, kitanda nyuma ya pazia, jiko la mkaa mlangoni, na ukutani palipokaa kalenda kwa watu wengine, yeye alikuwa amepigilia kipande cha kitenge cha bluu na njano, kitambaa cha mwisho kilichokatwa kwenye mashine yake. Alinikaribisha kiti, yeye akakaa kwenye ndoo. Nikamwambia, "Dada, wanazikata." "Nini?" "Mashine. Wanazikata kwa gesi, zinauzwa kilo." Akageuza mkaa. "Umeziona?" "Nimeona moto. Nimesikia zikianguka." Mimi nikajiandaa kwa kilio, nimeshaanza hata kutafuta maneno. Badala yake akanyoosha mgongo, uso ukawa umetulia kabisa. "Si lazima zitoke, Rama?" akasema. "Mpya utaziweka wapi kama za zamani zimejaa mle ndani?" "Ndiyo maana tunasoma, mdogo wangu. Ingekuwa za zamani zinabaki, hicho cheti ningekitafutia nini?" Mimi ninaweza kukuuzia koti la baridi Dar es Salaam mwezi wa kwanza, lakini kwa Naserian sikuuza kitu. Kila ushahidi niliouleta aliugeuza ukawa upande wake. Akanipa chai, akanichagulia andazi kubwa, akaniuliza kama nimeelewa lile somo la Alhamisi, maana yeye hajaelewa.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo, na chuo kikuu kilimtuma msimamizi wake, mtu mnene mwenye saa ya mnyororo mkononi. Tulikuwa mchanganyiko, sisi wa kiwandani pamoja na waliopunguzwa kutoka benki na shirika moja la mabasi, na siku hiyo chuo kilikuwa kimeazima kompyuta mpaka kila mmoja akapata yake. Naserian alikuwa mstari wa mbele yangu, upande wa kulia, na kazi yake ilikuwa inakwenda. Naomba uniamini kwa hilo. Nilikuwa naona kioo chake, jedwali linajaa taratibu, kidole kimoja, herufi moja, lakini linajaa. Kisha umeme ukakatika. Ilikuwa miaka ya mgawo na hatukushangaa. Vioo vikazima, feni ikazunguka kwa uvivu ikasimama. Godlisten akasema, "Jamani, naomba tutoke nje, tuote jua angalau." Watu wa benki wakatoka. Watu wa mabasi wakatoka. Wa kiwandani hakutoka hata mmoja. Hatukupatana. Hakuna aliyempa mwenzake ishara. Viganja vyetu vilikwenda vyenyewe juu ya mashine, vikakaa hapo. Godlisten akatutazama, yeye alikuwa ameshatuzoea, akatikisa kichwa akaenda kutafuta mwenye ufunguo wa jenereta.

Mle ndani palikuwa na mwanga kiasi wa kupita kwenye mapazia, wa kutosha kuona mdomo. Elisaria akageuka akasema kwa midomo, "Leo nani anatupokea?" Mzee mmoja wa idara ya nyuzi akajibu, "Shifti C. Wako getini." Tukacheka bila sauti, mabega yanatikisika. Mwingine akauliza kama jicho la yule mama mwenzetu lilikuwa la kulia au la kushoto, tukabishana. Naserian akasema, "Mimi leo nimeweza. Mmeona? Nimeweza." Akarudia ili hata wa nyuma wasome. Kwa kipindi kirefu tulikaa hivyo, gizagiza, kimya, midomo inakwenda. Nadhani ndiyo mara ya mwisho ukumbi wa kufuma kukutana. Hatukujua kwamba msimamizi amesimama mlangoni, amevua viatu kama inavyotakiwa, ndiyo maana hatukusikia hatua, anatutazama.

Umeme uliporudi kompyuta zote zilikuwa tupu. Waliotoka nje wakaambiwa waanze upya. Sisi tukaambiwa tusimame, mtihani wetu umefutwa, tumepeana majibu. Nikaomba kuonana na mratibu, nikaingia na Naserian na Elisaria. Nilipatana bei siku ile kama sijawahi. Nikasema tufanye upya, kila mtu chumba chake. Nikasema tufunikwe mdomo kwa plasta. Nikasema basi wafutiwe wanaume, mama huyu abaki, nikamkumbusha kamera. Msimamizi akauliza kwa nini hatukutoka kama tulivyoambiwa. Naserian akamweleza sheria yote, shifti, kiganja, kibao, jicho. Alieleza vizuri, bila haraka. Mratibu akatabasamu, siyo kwa ubaya. "Lakini mama, kompyuta haina nyuzi. Ukiiacha haimdhuru mtu."

"Mngetuambia siku ya kwanza," Naserian akasema. "Mlitufundisha kuiwasha, mkatufundisha kuizima na kuifunika. Kuiacha hamkutufundisha."

Tukaambiwa tusubiri nje. Nilikaa chini ya dirisha kwa makusudi. Nikamsikia mratibu akisema waliobaki wanatosha kwa taarifa ya wafadhili. "Na hawa?" Godlisten akauliza. "Hawa wamehudhuria," mratibu akasema. "Kuhudhuria nako ni kitu." Tulipewa karatasi za kuhudhuria. Godlisten alikuja kutuaga uwanjani, akatuamkia mmoja mmoja, alipofika mwisho akaanza kutuamkia upya. Naserian ndiye aliyemfariji.

Kilichofuata Arusha yote inakijua. Mwekezaji hakuleta mashine yoyote. Kiwanda kikawa ghala la mitumba, na mimi nikawa mteja pale, nimepatana bei za marobota mle ukumbini nikiwa nimesimama juu ya boliti zilizobaki sakafuni, nikijua kila boliti ni ya mashine ya nani. Wale wa benki na wa mabasi wenye vyeti hakuna aliyechukuliwa, si pale wala kwingine nilikokusikia. Nilidhani hiyo ni habari itakayomsaidia Naserian, mzigo utamshuka. Nikaenda Sombetini, alikuwa ameshaanza kuuza ndizi mbele ya nyumba, nikamwambia, "Dada, hata waliofaulu hawakupata kitu. Ule mtihani haukuwa na maana." Akapanga ndizi zake, akazipanga tena. "Waliofaulu hawakuwa wafumaji, Rama," akasema. "Mwekezaji angewaletea mashine za nini watu wa benki? Angeona wafumaji wenye cheti angeleta." Nilibishana naye siku ile. Nilibishana naye mwaka uliofuata, na mingine mingi baada ya hapo, kila nilipopita kununua ndizi nisizozihitaji. Sikuwahi kumshusha hata kidogo. Alikufa akiamini kwamba kiwanda kizima kilikuwa kinarudi, na kilishindwa kurudi kwa ajili ya alasiri moja ambayo alikaa kwenye kiti wakati wenzake wametoka kuota jua.

Pale Nduruma, kabla ya kushusha jeneza, ndugu walituruhusu kupita kuaga. Mimi ni Mwislamu na sikujua taratibu zao, nikafuata mstari. Nilipofika kiganja changu kikaenda chenyewe juu ya mbao, kikakaa, na nikasema kwa midomo, bila sauti, maana mchungaji alikuwa anaomba, "Nimepokea." Nilipoinua uso nikakuta Elisaria yuko upande wa pili wa kaburi, kofia mkononi, ameyasoma.  Midomo yake ikaniuliza, "Umepokea nini?"

Wakaanza kushusha. Ilibidi niondoe mkono.